Shotigani Ikilazwa Nje ya Nyumba: Ufunguo Ashike Nani?

Mwenye nyumba amekataa kuta zake zitobolewe. Fundi amebomoa nusu ya jengo na mafundi wanaingia na kutoka kutwa. Kijana amepata nafasi katika chuo cha kilimo na analala bwenini. Mama anaugua Mombasa, na nyumba ya Leicester itabaki tupu miezi miwili. Mtu mwenye shotigani ya leseni anaweza kufikwa na lolote kati ya hayo, na hapo ndipo anapojiuliza aipeleke wapi bunduki yake. Wengi hujibu kwa haraka: nitamwachia mtu ninayemwamini. Jibu hilo la moyo mwema ndilo limewapeleka watu mahakamani.

Maelezo haya yanawahusu wenye leseni walioko England, Wales na Uskoti, wakiwemo Waswahili wanaofanya kazi mashambani huko, wanaolenga shabaha za udongo mwishoni mwa wiki, au walioolewa na kuoa katika familia za wawindaji. Ireland Kaskazini ina sheria zake.

Shotigani ni bunduki ipi mbele ya sheria?

Ni bunduki ya marisau, yenye mtutu laini ndani, usiopungua inchi 24, yaani karibu sentimita 61. Kama ina hazina ya risasi, hazina hiyo iwe haichomoki na isibebe zaidi ya risasi mbili. Ikizidi hapo, inahama kundi na kuingia katika silaha zenye masharti mazito zaidi, pamoja na raifoli. Leseni ya shotigani hutolewa na polisi wa eneo unaloishi na hudumu miaka 5. Msingi wa yote ni Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1968, iliyorekebishwa mara nyingi, hasa baada ya mauaji ya Hungerford mwaka 1987 na ya Dunblane mwaka 1996.

Je, nalazimika kuilaza bunduki nyumbani kwangu?

Hapana. Sheria haisemi bunduki ikae chumbani kwako. Sharti lililochapwa kwenye leseni linasema kwamba wakati wote ambapo haitumiki, bunduki ihifadhiwe kwa usalama ili, kadiri inavyowezekana, mtu asiyeruhusiwa asiweze kuifikia. Soma sharti hilo mara mbili. Halitaji anwani wala kabati. Linamtaja mtu: yule asiyeruhusiwa. Maswali yote yanayofuata hapa yanarudi kwake.

Kabati la chuma limeingia kwa njia ya mazoea na miongozo. Polisi wanaokagua nyumba hutegemea kuona kabati lililotengenezwa kwa kiwango cha Uingereza kinachoitwa BS 7558, limefungwa kwa boliti kwenye ukuta imara wa jengo, mahali pasipoonekana dirishani wala na mgeni anayeingia sebuleni. Kiwango hichohicho kinatazamiwa hata bunduki ikiwa kwingine. Fomu ya kuombea leseni huuliza bunduki zitawekwa wapi, na afisa anaweza kwenda kupakagua. Kwa hiyo ukibadilisha mahali, mwambie afisa wa leseni kabla ya kuhamisha. Kama mahali papya pako chini ya jeshi jingine la polisi, tuseme unaishi London na bunduki inakwenda Norfolk, polisi wa kule wanaweza kuombwa wapatazame.

Shemeji yangu ni mtu mwaminifu. Siwezi kumwachia wiki mbili tu?

Kama hana leseni ya shotigani, huwezi. Hata siku moja.

Nakaa hapa kwa muda, kwa sababu ndipo watu wema wanapoanguka. Mtu anaamini kwamba kwa kuwa bunduki ni yake, na leseni anayo, na shemeji hatafyatua hata risasi moja, basi hakuna kosa. Anafikiri shemeji anatunza tu, kama anavyotunza sanduku la nguo. Mahakama za Uingereza zililipima wazo hilo katika kesi ya Hall dhidi ya Cotton, iliyomo katika ripoti za mwaka 1987. Mwenye bunduki alikuwa anakwenda likizo. Alikuwa na leseni halali. Akaziacha shotigani zake mbili kwa rafiki yake azitunze hadi atakaporudi. Rafiki hakuwa na leseni. Hakuna aliyepigwa risasi wala aliyetishwa, na nia ya wote wawili ilikuwa usalama, kwani nyumba tupu humkaribisha mwizi.

Mahakama iliona kwamba rafiki alikuwa anamiliki bunduki bila leseni, na mwenyewe alikuwa amezihamisha kwa mtu asiyestahili kuzipokea. Umiliki katika sheria hii una sura mbili zinazoweza kuwepo pamoja: mwenye mali anaendelea kumiliki hata akiwa mbali, na anayeishikilia mali hiyo nyumbani kwake naye anamiliki kwa sababu iko chini ya mkono wake. Kwa bunduki moja, watu wawili wanaweza kuwa na kesi kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo ukimwambia, "Shemeji, niwekee hii hadi nirudi," unamtwisha kosa ambalo pengine hajui hata kama lipo. Adhabu ya juu ya kumiliki shotigani bila leseni ni kifungo cha miaka 5, na ya kuihamisha kwa asiye na leseni ni hiyohiyo. Shemeji mwenye kibali cha ukaazi asicho na uhakika nacho ana mengi zaidi ya kupoteza. Ukimpenda, usimpelekee.

Na kama rafiki huyo naye ana leseni?

Hapo mlango unafunguka. Mwenye leseni ya shotigani anaweza kuipokea shotigani ya mwenzake. Kama ni kwa muda usiozidi saa 72, mnamaliza baina yenu: umeiona leseni yake, iko hai, na kabati lake lina nafasi. Ukimwazima zaidi ya saa 72, bunduki inaandikwa kwenye leseni yake, mnakabidhiana ana kwa ana, na kila mmoja anaarifu polisi waliompa leseni ndani ya siku 7. Bunduki ikirudi, utaratibu ni uleule kwa upande wa pili.

Watu huudharau uandishi huu wakiuona kama usumbufu wa karatasi. Lakini fikiria bunduki imeibwa kwa rafiki yako na polisi wanauliza ilikuwa kwa nani. Karatasi zikionyesha iko kwako Bristol, na kumbe ilikuwa Cardiff tangu Pasaka, hakuna maneno matamu yatakayokuokoa.

Hali kama hiyo ipo kwa mume na mke ambao wote wana leseni. Wanaweza kutumia kabati moja na wote kushika ufunguo, mradi iliyomo ni shotigani tu. Mmoja wao akiwa na raifoli, hesabu inabadilika, kwa sababu leseni ya shotigani haimruhusu mwenzake kuifikia raifoli. Sehemu ya ndani yenye kufuli lake, au kabati la pili, linamaliza tatizo.

Nataka kuiacha kwa wazazi wangu. Wana nyumba kubwa kijijini na mimi nakaa chumba cha kupanga.

Inawezekana, na wanafunzi wengi hufanya hivyo. Lakini inataka nidhamu ambayo familia zetu hazijaizoea, kwa sababu katika nyumba ya wazazi hakuna mlango usio na ufunguo wa akiba mahali fulani.

Kabati linaweza kufungwa kwa wazazi, polisi wakalikagua, bunduki ikalala humo. Sharti ni kwamba funguo zote, za kutumia na za akiba, ziwe kwako wewe mwenye leseni. Ziende nawe chuoni. Usimwachie mama. Usizifiche juu ya kabati la vyombo na kumnong'oneza baba. Mwaka 2000 ripoti za mahakama ziliandika kesi ya Farrer, iliyotoka mahakama ya Chelmsford hadi Mahakama ya Rufani, na kiini chake kilikuwa hiki hasa: mama wa mwenye bunduki alijua funguo za kabati zinawekwa wapi. Mama hakuwa na nia mbaya na bunduki. Lakini mtu anayejua ufunguo ulipo anaweza kuifikia bunduki, na kama hana leseni, yeye ndiye yule asiyeruhusiwa anayetajwa kwenye sharti. Kufuli linalofunguliwa kwa namba halibadilishi kitu. Namba ikijulikana na mtu wa pili, ufunguo umeshatoka mkononi mwako.

Kuna upande mwingine wa jambo hili. Baadhi hudhani kwamba bunduki ikikaa kwa mama, mzigo wa leseni umewaondoka. Katika kesi ya Sullivan dhidi ya Earl of Caithness, iliyoamuliwa katika miaka ya 1970, kabaila mmoja aliziweka bunduki zake kwenye nyumba ya mama yake kwa kuwa palikuwa salama kuliko alipoishi yeye. Leseni yake ikaisha muda. Akadai kwamba yeye hakuwa nazo, mama yake ndiye aliyekuwa nazo. Mahakama ikamkatalia: bunduki zilikuwa bado mali yake, na angeweza kuzichukua saa yoyote aliyotaka, hivyo alikuwa anamiliki bila leseni. Weka tarehe ya mwisho ya leseni yako mahali unapoiona hata kama hujaishika bunduki mwaka mzima. Anza kuomba upya miezi kadhaa kabla, kwa kuwa idara nyingi zina foleni ndefu.

Jambo la mwisho kuhusu wazazi ni la heshima, na sioni aibu kulisema. Ni vigumu kumwambia baba, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwamba kuna kabati asiloruhusiwa kulifungua. Mwambie mapema, kabla boliti hazijaingia ukutani. Mwonyeshe sharti lilivyoandikwa kwenye leseni. Baba akiona kuwa ni sheria na si kiburi cha mtoto, mambo yatakwenda. Kama unajua hatakubali, au atakubali kwa mdomo kisha adai ufunguo siku ya ugomvi, tafuta mahali pengine.

Ni mahali gani panaleta usumbufu mdogo kuliko pote?

Kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa na polisi. Sheria inamruhusu kushika bunduki za watu katika kazi yake ya kila siku bila kuhitaji leseni ya shotigani, na chumba chake cha silaha kimekaguliwa kwa viwango vya juu kuliko kabati lolote la nyumbani. Wengi hutoza ada ya mwezi au ya mwaka. Wapo wanaopaka mafuta na kukagua bunduki mara kwa mara kama sehemu ya huduma, na hilo si dogo, maana bunduki iliyofungwa kwenye ala yenye unyevunyevu hushika kutu ndani ya wiki chache.

Ukipeleka, chukua bunduki na leseni. Yeye ataandika kwenye rejista yake aina ya bunduki, namba yake na jina lako. Wewe omba stakabadhi yenye tarehe, namba ya bunduki na maneno yanayosema wazi kwamba imepokelewa kwa kuhifadhiwa, si kwa kuuzwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Kisha mtumie afisa wa leseni barua pepe fupi umweleze bunduki iko wapi na tangu lini. Uliza pia maswali ambayo watu huona haya kuyauliza: bima ya duka inafika thamani ya bunduki yangu? Nikichelewa kulipa miezi mitatu mtafanya nini? Nani anaweza kuichukua kwa niaba yangu? Duka likifungwa mtaniarifu vipi? Jibu la swali la tatu liwe kali: achukue mwenye leseni pekee, na kwa maandishi yako.

Baadhi ya klabu za kulenga shabaha zina chumba cha silaha. Usidhani kila klabu inacho. Viwanja vingi vya shabaha za udongo havina mahali pa kulaza bunduki ya mwanachama, na chumba cha mapokezi chenye kufuli si chumba cha silaha. Uliza kama klabu au mwenye uwanja amesajiliwa kama muuzaji wa silaha, au kama polisi wamekikubali chumba hicho kwa bunduki yako.

Je, nipeleke kituo cha polisi?

Polisi wa Uingereza hupokea silaha zinazosalimishwa, na katika dharura huja kuzichukua wenyewe. Lakini vituo vyao si maghala ya kuhifadhia bunduki za wasafiri. Kama kwa sababu yoyote unalazimika kupeleka bunduki kituoni, piga simu kwanza, namba 101, na ufuate utakavyoelekezwa. Usiingie mlangoni ukiwa umeibeba bila taarifa. Afisa wa mapokezi hajui kilicho moyoni mwako.

Stoo ya kukodi je? Ina kufuli na kamera.

Achana nayo. Mikataba mingi ya stoo za kukodi inakataza silaha na risasi waziwazi, wafanyakazi wanaweza kuwa na njia ya kuingia, na anayefungua stoo ya jirani hujui ni nani. Sheria ya 1968 inawapa wenye maghala na wasafirishaji mizigo nafasi ya kushika silaha katika biashara yao, lakini nafasi hiyo ni yao, nao wanawajibika kuzilinda na kutoa taarifa zikipotea. Haimpi ruhusa mtu aliyekodi chumba cha bati kuacha bunduki kati ya godoro na baiskeli.

Usiku mmoja tu, safarini

Hapa maswali huja kwa wingi msimu wa kuwinda ndege unapoanza. Sharti la leseni linatambua kwamba bunduki ikiwa safarini au inatumika, kabati la nyumbani halipo. Linachotaka ni tahadhari za busara.

Kwenye gari, bunduki ikae ndani ya ala, imefungiwa buti, isionekane na mpita njia. Shotigani nyingi za mitutu miwili hugawanyika vipande vitatu: mitutu, kitako na mbao ya mbele inayokaa chini ya mitutu. Ukiegesha na kuondoka, chomoa mbao hiyo ya mbele uende nayo. Bila kipande hicho, mwizi amepata bunduki isiyofanya kazi. Egesha mahali unapoweza kuliona gari unapokunywa chai. Gari lisilale na bunduki ndani yake, hata kama king'ora chake kinasikika hadi mtaa wa pili. Kubeba bunduki mahali pa umma bila sababu ya msingi ni kosa peke yake, basi safari iwe ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Ukimaliza kuwinda na wenzako wanakwenda baa, kumbuka kwamba sheria ya mwaka 1872 inayomwadhibu mlevi mwenye silaha iliyojazwa risasi bado inatumika England na Wales.

Hotelini, piga simu kabla ya kuweka nafasi. Hoteli za maeneo ya uwindaji, hasa Uskoti, nyingine zina kabati la bunduki; uliza nani ana ufunguo wake, kwa kuwa meneja asiye na leseni akibaki na ufunguo, utakuwa umerudia kosa lile la shemeji. Kama hakuna kabati, bunduki ikae chumbani kwako, mlango umefungwa, imepitishwa waya wa chuma wenye kufuli kwenye kitu kisichong'oka, na ile mbao ya mbele iwe mfukoni mwako unaposhuka kula.

Risasi nazo zinahitaji kabati?

Risasi za kawaida za marisau hazihitaji leseni kuwa nazo, ingawa dukani utaonyesha leseni ndipo uuziwe. Sheria haikulazimishi kuzifungia kama bunduki. Mimi nashauri uzifungie hivyohivyo, mbali na bunduki, hasa kwenye nyumba yenye watoto. Anayeiba bunduki na kukuta boksi la risasi pembeni amemalizia kazi yake hapohapo.

Mjomba anakuja kutoka Arusha na bunduki yake. Italala kwangu?

Leseni ya Tanzania au Kenya haifanyi kazi Uingereza. Mgeni anahitaji kibali cha mgeni kwa shotigani, kinachoombwa kwa polisi na mwenyeji aliyeko Uingereza kabla mgeni hajafika, na hakizidi miezi 12. Kibali kikishatoka, mjomba ndiye mwenye dhamana ya bunduki. Inaweza kulala nyumbani kwako ikiwa imefungiwa na ufunguo uko kwake, au ikawa ndani ya kabati lako kama wewe nawe una leseni ya shotigani. Usiiweke chini ya kitanda cha wageni. Mke wa mjomba, watoto wako, na fundi wa bomba wote ni watu wasioruhusiwa.

Na msomaji aliye Tanzania au Kenya asitumie kanuni za humu kwa bunduki yake. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, pamoja na bodi yake ya leseni. Mtu wa kumuuliza ni ofisa wa silaha wa polisi aliyekupa leseni.

Mume wangu amefariki. Funguo za kabati ninazo mimi, leseni sina.

Pole sana, mama. Usiogope, polisi wanaipokea hali hii kila wakati. Usiuze bunduki, usimgawie kaka wa marehemu, na usiruhusu mtu aichukue kama ukumbusho wakati wa matanga. Piga simu idara ya leseni mapema. Wanaweza kukupa kibali cha muda, kilichowekwa na kifungu cha 7 cha Sheria ya 1968, ili bunduki ikae hapo kihalali wakati mirathi inapangwa, au wakakuelekeza muuzaji aliyesajiliwa aje kuichukua. Njia ya pili huwapa wajane wengi utulivu, maana wanalala bila silaha ndani.

Kuna wakati ambapo kuitoa bunduki nyumbani ni lazima?

Kisheria, leseni ikifutwa au ikiisha bila kuhuishwa, bunduki haiwezi kubaki kwako. Uamuzi wa kufuta unaweza kukatiwa rufaa ndani ya siku 21, katika Mahakama ya Crown kwa England na Wales na kwa sherifu kwa Uskoti, na wakati huo bunduki huweza kuwekwa kwa muuzaji aliyesajiliwa.

Lakini kuna lazima nyingine isiyosubiri barua ya polisi. Mtu aliyefiwa, aliyeachwa, aliyefilisika, aliyeanza kukosa usingizi na kuona maisha hayana maana, asikae nyumba moja na bunduki. Vilevile nyumba yenye mapigano ya mume na mke, au kijana aliyejaa hasira. Siku ya giza hupita, ila bunduki iliyo karibu haingoji ipite. Ukijiona uko hapo, mpigie muuzaji wako au polisi, waambie unaomba ihifadhiwe kwa muda. Zungumza na daktari wako. Shirika la Samaritans, linalowasikiliza waliokata tamaa, linapokea simu usiku na mchana, bila malipo, kwa namba 116 123. Wengine huficha hali zao wakihofia kunyang'anywa leseni moja kwa moja. Sitasema hofu hiyo haina msingi, kwa sababu polisi wanawajibika kupima upya. Nasema kwamba leseni inaweza kuombwa tena.

Tarehe 12 Agosti 2021, huko Keyham, Plymouth, mtu mmoja aliwaua watu 5 kwa shotigani kisha akajiua. Bunduki na leseni vilikuwa vimechukuliwa na polisi hapo awali, vikarudishwa kwake mwezi Julai mwaka huohuo. Miongozo ya polisi ilikazwa baada ya hapo. Wanaolalamika kwamba maafisa wa leseni siku hizi wanauliza mengi mno kuhusu afya na nyumba wakumbuke majina yaliyoandikwa kwenye makaburi ya Plymouth. Mmoja wa waliouawa alikuwa mtoto wa miaka 3.

Nikikosea masharti, nafanywa nini?

Kuvunja sharti la leseni, kama kuacha ufunguo mahali pa wazi au kutoarifu wizi mara moja, kunaweza kukupa hadi miezi 6 jela, au faini, au vyote viwili. Kuikabidhi kwa asiye na leseni, kama tulivyoona, kunafika miaka 5. Na juu ya adhabu ya mahakama, polisi wanaweza kuifuta leseni hata bila hukumu, wakiona usalama wa umma uko hatarini.

Ukigundua leo kwamba bunduki yako iko mahali pasipostahili, kwa kaka, kwa rafiki wa kazini, kwenye stoo, usisubiri mwisho wa wiki. Usimwambie aliyenayo aipakie kwenye gari akuletee, kwani kila hatua atakayopiga nayo ni kosa jingine. Piga simu idara ya leseni ya polisi wako, au muuzaji aliyesajiliwa aliye karibu na bunduki hiyo, ueleze ukweli ulivyo, na umwachie yeye akwambie nani aende kuichukua.